Kujizoeza Utauwa si Hirizi Wala si Mshahara

Fundisho kwa sharika, na kwa wote wasomao nyumbani. Someni kwanza 1 Timotheo 4:7–8 na 1 Wakorintho 9:24–27.



Mtume Paulo, alipomwandikia kijana wake Timotheo, alimwagiza afanye mazoezi katika utauwa. Hakumwambia kwamba utauwa utamjia usingizini, wala kwamba aungoje kama mkulima angojavyo mvua. Alimtaka ajizoeze, kama mtu ajizoezavyo kazi ya mikono yake.

Tunapozunguka katika sharika zetu twasikia maneno ya namna mbili juu ya jambo hili. Mmoja husema: Sisi tu watu wa neema, tumehesabiwa haki bure kwa imani, basi saa za kusali, na kufunga, na kujinyima, ni mambo ya watu wa sheria. Mwingine husema: Nimefunga siku nyingi, nimekesha usiku kucha, sasa Mungu hana budi kunipa mtoto, au kunipa kazi, au kuniponya. Yule wa kwanza ameuacha mlango wa nyumba yake wazi usiku. Yule wa pili amesimama mlangoni pa Mungu kama mdai mwenye hati mkononi. Wote wawili wamepotea, ijapokuwa mmoja amepotelea mkono wa kushoto na mwenzake mkono wa kuume.

Katika fundisho hili twataka kuitafuta njia iliyo sawa. Tutaanza na maneno ya Maandiko, kisha tutatazama jinsi Martin Luther alivyojifunza jambo hili kwa taabu nyingi, na mwisho tutasikia habari ya mtu mmoja, kinyozi wa mji wa Wittenberg, ambaye Luther alimfundisha kusali. Habari yake si ya kufurahisha, lakini ina faida kubwa kwetu.

I. Maana ya kujizoeza

Katika Kiyunani neno alilolitumia Paulo ni neno la wakimbiaji na wapigana mieleka. Wakorintho walilifahamu vema, kwa kuwa karibu na mji wao, mahali paitwapo Isthmia, palikuwa na mashindano makubwa kila mwaka wa pili, na mshindi alivikwa taji ya majani. Paulo awakumbusha kwamba mtu ashindanaye hujizuia katika mambo yote, na hayo kwa ajili ya taji ya majani ambayo baada ya siku chache imekauka. Je, sisi tuliowekewa taji isiyokauka, yatupasa kuketi tu?

Wala Paulo si wa kwanza kufundisha hivi. Danieli alikuwa na saa zake tatu za kusali kila siku, na alipotishwa kwa simba hakuziacha (Danieli 6). Na Bwana wetu mwenyewe alikuwa na desturi. Luka atuambia kwamba kuingia sinagogi siku ya sabato kulikuwa desturi yake (Luka 4:16), na Marko atuambia kwamba aliondoka alfajiri na mapema, kukiwa bado giza, akaenda mahali pasipo watu ili asali (Marko 1:35). Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona desturi kuwa kitu kidogo kisichomfaa, sisi ni nani hata tuidharau?

Lakini angalieni sana neno hili. Timotheo hakuambiwa ajizoeze ili apate kuwa mtoto wa Mungu. Alikuwa mtoto tayari. Mtazameni mtoto nyumbani kwa baba yake. Hafundishwi kuchunga mbuzi, na kuteka maji, na kuwaamkia wazee, ili apate kuzaliwa katika nyumba ile. Amekwisha kuzaliwa. Hufundishwa kwa sababu ni mtoto, ili akue apate kuifahamu nyumba yake na kazi ya baba yake. Tena mtazameni mtoto huyo shambani pamoja na kibarua. Jembe ni moja, jua ni moja, jasho ni moja. Mpita njia hawezi kuwapambanua. Lakini jioni hupambanuliwa. Kibarua hunyosha mkono apewe ujira wake, aende zake. Mtoto huingia ndani akaketi mezani.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa Wakristo. Wawili waweza kufunga siku moja, na kusali saa moja, na kusoma sura moja, na mmoja wao ni kibarua na mwingine ni mtoto. Tofauti haimo katika kazi. Imo katika yale wanayoyangoja jioni. Yule Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, wala Bwana hakumlaumu kwa sababu ya kufunga. Alimlaumu kwa sababu alikuwa amesimama hekaluni akihesabu ujira wake.

II. Jinsi Luther alivyofundishwa

Luther aliingia katika nyumba ya watawa mjini Erfurt mwaka 1505. Huko alijizoeza kuliko wenzake wengi: alifunga, alikesha, alivumilia baridi, aliungama dhambi zake mara kwa mara na kwa muda mrefu. Lakini moyo wake haukupata amani, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi ya mtoto kwa moyo wa kibarua, na kila jioni aliona ujira wake hautoshi.

Katika miaka ya baadaye alipenda kuwasimulia rafiki zake mezani jinsi alivyoteswa na sala za saa. Kila mtawa alikuwa amewekewa sala zake za kila siku. Luther alipokuwa na kazi nyingi za kufundisha na kuhubiri, sala zile zilimpita, zikawa deni. Basi alikuwa akizilimbika hata mwisho wa juma, kisha hujifungia chumbani, asile wala asinywe, mpaka amezimaliza zote. Hatimaye alipatwa na ugonjwa wa kichwa na kukosa usingizi, wala deni halikwisha. Hapo aliziacha sala za namna ile. Tulishike neno hili, kwani tutalirudia.

Tujue sasa kwamba Neno la Mungu lilipomfungulia mlango, alipoifahamu haki ambayo Mungu humpa mtu bure kwa ajili ya Kristo, Luther hakuitupa desturi ya kusali. Aliitupa hesabu ya ujira tu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliwawekea watu wa nyumbani sala ya asubuhi na sala ya jioni, na sala za mezani. Humo humo, alipofundisha juu ya Sakramenti ya Altare, alisema kwamba kufunga na kujitengeneza kwa mwili ni zoezi jema la nje, bali aliye tayari kweli ni yule aziaminiye ahadi za Kristo. Mwaka 1530 Ungamo la Augsburg, katika makala ya 26, lilisema vivyo hivyo: kwamba imempasa kila Mkristo kuuzoeza na kuutiisha mwili wake ili usimwelekeze dhambini, lakini si kwa kusudi la kununua msamaha.

Tena Luther alikiri jambo ambalo laweza kutuaibisha sisi wachungaji na walimu. Katika utangulizi wa Katekisimo Kubwa alisema kwamba yeye, ingawa alikuwa mwalimu wa Maandiko na mhubiri, kila asubuhi alizisoma Amri Kumi, na Imani, na Baba Yetu, na Zaburi kadhaa, neno kwa neno, kama mtoto mdogo afanyavyo, na kwamba hakuweza kuhitimu. Ilimpasa kukaa mwanafunzi wa Katekisimo sikuzote. Wako watu kwetu waliojifunza Katekisimo mpaka siku ya kipaimara, kisha wakaifunga kama mtu afungavyo kitabu alichokimaliza shuleni. Yule aliyeiandika hakuimaliza.

III. Barua kwa Fundi Peter

Katika mji wa Wittenberg palikuwa na kinyozi aliyeitwa Peter Beskendorf, na watu walimwita Fundi Peter. Siku zile vinyozi walikuwa pia watu wa kutibu majeraha. Alikuwa rafiki ya Luther kwa miaka mingi, na ndiye aliyemnyoa. Huyu Fundi Peter alimwomba Luther amfundishe namna ya kusali ambayo mtu wa kawaida, mwenye kazi za mikono, aweza kuifuata. Luther hakulidharau ombi la kinyozi. Mwanzoni mwa mwaka 1535 alimwandikia kitabu kidogo, kikachapishwa, na hata leo kingali kinasomwa katika lugha nyingi.

Na tuyataje kwa kifupi mambo aliyomfundisha.

Kwanza, alimwambia kwamba sala iwe kazi ya kwanza ya asubuhi na kazi ya mwisho ya jioni, na ajihadhari na mawazo yale ya udanganyifu yasemayo, Ngoja kidogo, saa moja tu, nimalize hili kwanza. Kwa kuwa saa ile hufuatwa na jambo jingine, na jambo hilo na jingine tena, hata siku imekwisha. Sisi nasi twayajua mawazo hayo. Kwetu husema: Ng'ombe hawajakamuliwa. Au: Basi la kwenda mjini halingoji mtu. Au mkono umekwisha kuitafuta simu kabla jicho halijafunguka vema, na habari za dunia nzima zimeingia moyoni kabla ya neno moja la Mungu.

Pili, alimwambia kwamba moyo ukiwa baridi, mtu asingoje hata upate joto wenyewe. Na atwae Zaburi, aingie chumbani, au aende kanisani ikiwa ni saa ya watu kukutanika, aanze kuyasema Amri Kumi na Imani na maneno ya Kristo, kama watoto wasemavyo, mpaka moyo upate moto. Hii ni hekima kubwa. Wengi wetu hungoja kutamani ndipo tusali. Luther alifundisha kwamba mtu husali, ndipo hutamani. Moto hauwashwi kwa kungojwa. Huwashwa kwa kuni.

Tatu, alimfundisha kuisokota kila amri kama taji yenye nyuzi nne. Tuitwae amri ya tano, inayokataza kuua, tuone jinsi ifanyikavyo. Uzi wa kwanza ni mafundisho: hapa Mungu anifundisha kwamba uhai wa jirani yangu ni mali yake, na kwamba hasira na kisasi haviko mkononi mwangu. Uzi wa pili ni shukrani: namshukuru Mungu kwamba kwa amri hii ameujengea uhai wangu ukuta, hata wale wanichukiao wamekatazwa kunigusa. Uzi wa tatu ni maungamo: naungama kwamba nimemchukia fulani, nimemtukana fulani, nimemwona mtu katika shida nikapita. Uzi wa nne ni ombi: namwomba Mungu anipe moyo wa upole, amlinde jirani yangu na mkono wangu, na anilinde mimi na mkono wa mtu. Hivyo amri moja huwa kwa mtu kitabu cha mafundisho, na kitabu cha sifa, na kitabu cha maungamo, na kitabu cha sala.

Nne, alimwonya asijitwike mengi mno, roho isije ikachoka. Sala njema haina haja ya kuwa ndefu, bali iwe ya mara kwa mara na ya moto. Wazee wetu wa pwani walisema, Chururu si ndo ndo ndo. Maji yamwagikayo kwa kishindo mara moja hayajazi mtungi. Tone kwa tone hujaza. Tena, kama katikati ya maneno hayo Roho Mtakatifu akianza kumhubiria moyoni, na ayaache maneno mengine, anyamaze, asikilize.

Tano, alimpa mfano wa kazi yake mwenyewe. Kinyozi mwema, alisema, sharti aweke macho na mawazo yake juu ya wembe na nywele. Akizungumza huku na kutazama huko, aweza kumkata mtu pua, au hata koo. Ikiwa kazi ya wembe yataka moyo wote, je, si zaidi kazi ya kusema na Mungu?

IV. Jumamosi ile

Ndugu wapenzi, lau habari ingeishia hapo, tungaliweza kufunga fundisho letu kwa furaha. Lakini haikuishia hapo.

Mwaka ule ule, tarehe 27 Machi 1535, iliyokuwa Jumamosi kabla ya Pasaka, Fundi Peter alialikwa chakula nyumbani kwa binti yake. Mkwewe alikuwa askari. Husimuliwa kwamba askari huyu alijisifu mezani kuwa ana ufundi wa siri wa kuufanya mwili wake usipenye kisu wala upanga. Kinyozi, akiwa amelewa, alitaka kuyajaribu maneno hayo. Alitwaa kisu, akamchoma, na yule akafa. Mtu aliyekuwa ameandikiwa kitabu cha sala na Martin Luther, ndani yake amri ya tano imefafanuliwa kwa nyuzi nne, alimwua mume wa binti yake usiku wa kuingia Pasaka.

Fundi Peter aliletwa mbele ya hukumu. Luther na wengine walimwombea, naye hakuuawa. Lakini alifukuzwa mjini, akapoteza mali yake, akaenda kukaa Dessau mpaka mwisho wa maisha yake.

Tuseme nini basi? Wako watakaosema: Mwaona, sala haikumsaidia. Na wako watakaosema: Bila shaka hakusali kwa imani. Tusiwe wepesi kusema lolote katika haya mawili. Na tutazame mambo matatu.

Jambo la kwanza. Mezani pale palikuwa na hirizi moja, ile ya askari. Nasi katika nchi yetu twazijua hirizi. Kusini mwa nchi yetu, katika vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hata 1907, watu wengi walipewa maji wakiambiwa kwamba risasi za Wadachi hazitawadhuru. Twalitaja jambo hili kwa heshima, kwani walikuwa babu zetu, na dhuluma waliyoipinga ilikuwa dhuluma kweli; lakini maji yale hayakuzuia risasi. Mwanadamu aliye hatarini hutafuta ngozi isiyopenya. Na Mkristo naye huijaribu njia hii, ila yeye huyageuza mambo matakatifu kuwa hirizi yake. Husema moyoni: Nimesali asubuhi, leo sitaanguka. Nimefunga, sasa jaribu halinipati. Sivyo. Sala si ngozi ya chuma. Bwana hakuwaambia wanafunzi wake kwamba wakisali hawataingia katika hatari kamwe. Aliwaambia wakeshe na kuomba, kwa sababu mwili ni dhaifu (Mathayo 26:41). Asubuhi ya jana haikukesha kwa ajili ya jioni ya leo. Mtu aliyesali alfajiri sharti akeshe tena jioni, hasa akiitwa mahali penye pombe na majivuno.

Jambo la pili. Yuko Petro mwingine. Naye alifundishwa kusali, na mwalimu wake alikuwa mkuu kuliko Luther. Usiku wa Gethsemane aliambiwa akeshe, akalala. Alipoamka alitwaa upanga akamkata mtu sikio (Yohana 18:10), na kabla ya jogoo kuwika alikuwa amemkana Bwana wake. Lakini usiku ule ule, kabla Petro hajaanguka, Bwana alimwambia kwamba amekwisha kumwombea, imani yake isitindike (Luka 22:32). Hapa ndipo msingi wa jambo letu lote ulipo. Sala ya Petro ililala. Sala ya Kristo haikulala. Sisi hatusimami juu ya mazoezi yetu. Twasimama juu ya maombezi yake, na mazoezi yetu ni kurudi kila siku mahali pale anapotuombea.

Jambo la tatu. Kitabu kile cha sala hakikuharibika kwa sababu mtu wa kwanza aliyekisoma aliharibikiwa. Amri ya tano ilikuwa kweli kabla ya Jumamosi ile, na ilikuwa kweli baada yake. Ila baada yake uzi wa tatu, uzi wa maungamo, ulikuwa mzito kuliko kwanza. Nyumba na mali vilibaki Wittenberg. Bali Amri Kumi na Imani na Baba Yetu havihitaji mchukuzi, na mtu afukuzwaye aweza kwenda navyo. Ombi la tano la Baba Yetu, la kusamehewa makosa, halikuwekwa kwa ajili ya watu wasioanguka.

V. Na sisi tufanyeje?

Twatoa mashauri machache, ili kila mmoja atwae lile limfaalo.

Jiwekee saa, na iwe fupi. Afadhali robo saa kila asubuhi kuliko mkesha mmoja kwa mwaka. Mama anayewahi shambani aweza kusema Imani na Baba Yetu huku akiwasha moto. Mlinzi wa usiku aweza kuitwaa amri moja na nyuzi zake nne katika zamu yake. Chukua amri moja kwa siku. Katika siku kumi umezipitia zote, kisha uanze tena.

Funga, lakini ufunge kwa sababu ya mtoto, si ya kibarua. Bwana katika Mathayo 6 hakusema kama mkifunga. Alisema juu ya kufunga kama jambo ambalo wanafunzi wake watalifanya, akawakataza kulionyesha. Na Isaya 58 chatufundisha kwamba kufunga kusikomfikia mwenye njaa hakumpendezi Mungu. Basi chakula ulichojinyima na kifike kwenye chungu cha mjane aliye jirani. Na yeye ajuaye kwamba kikombe humtoa katika akili zake, kufunga kwake kuanze hapo, kwani nyama aliyojinyima wakati wa Kwaresima haitamfaa kitu ikiwa jioni yu katika pombe na kisu ki karibu.

Usijizoeze peke yako. Luther alimwelekeza kinyozi aende kanisani ikiwa ni saa ya watu kukutanika. Kaa la moto likitolewa jikoni huzimika, hata likiwa kubwa. Kuungama mbele ya mchungaji, kusikia neno la msamaha kwa masikio, na kukaribia Meza ya Bwana, hayo si nyongeza kwa mazoezi ya Mkristo. Ndiyo chakula chake. Mkimbiaji ajizoezaye bila kula huanguka njiani.

Na neno la mwisho ni kwa yeye aliyeanguka, au aliyeacha kusali miaka mingi. Katika kila usharika wako walio chini ya marudi, ambao kwa muda hawakaribishwi Mezani. Wengi wao huona kwamba wamekatazwa na Neno pia, hivyo huiacha Zaburi, huiacha sala ya jioni, huona haya hata kuinamisha kichwa chakula kinapoletwa. Ndugu, hakuna mtu aliyekukataza hayo. Marudi yamewekwa ili urudi. Tena hakuna njia ya kurudia isipokuwa ile ile ya Amri, na Imani, na Baba Yetu. Ninyi wazee wa usharika, mwendeeni mtu huyo nyumbani kwake, msimhoji tu. Someni naye Zaburi ya 51, na kusali pamoja naye.

Wala usijaribu kulipa deni. Kumbuka Luther na sala zake alizozilimbika. Usiseme: Nimekosa miaka mitano, sharti nifunge siku arobaini ndipo nithubutu kusali. Hayo ni maneno ya kibarua aliyechelewa kazini, aogopaye kukatwa ujira. Mtoto aliyechelewa huingia tu ndani, aseme, Baba, nimekuja. Anza jioni hii, na Baba Yetu moja. Kesho asubuhi anza tena.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa juma

1. Kibarua na mtoto hupambanuliwa kwa jambo gani? Ukifunga au kusali, wewe wangoja nini jioni?
2. Ni mawazo gani yakuambiayo, Ngoja kidogo? Yataje kwa jina.
3. Itwaeni amri ya nane, inayokataza ushuhuda wa uongo, mkaisokote pamoja kwa nyuzi nne.
4. Je, tumewahi kuitumia sala kama hirizi? Ni dalili gani zitujulishazo?
5. Ni nani katika usharika wetu aliyeacha kusali kwa sababu ya aibu? Asitajwe jina lake mkutanoni. Na aende mmoja wetu kwake kabla ya Jumapili ijayo.

Bwana Yesu, aliyemwombea Petro kabla hajaanguka, na atuombee sisi nasi, atuzoeze kila asubuhi, na kila jioni atupokee mezani pake kama watoto. Amina.